Ugonjwa wa kusahau: njia unayopita ndani ya ubongo

Mzee anatoka sokoni, anafika kwenye njia panda na hajui tena nyumba yake iko upande gani. Usiku anatoka nje, anazunguka. Mtaani wanaanza kusema: huyo ni mlozi. Huku kwetu neno hilo linaweza kumtolea mtu uhai, njo maana tunaeleza hapa wanganga wameona nini.

Ndani ya ubongo, sehemu zilizo mbalimbali zinaunganishwa kwa nyuzi, sawa vile miji inaunganishwa kwa barabara. Mashini ya IRM, yenye kutumia sumaku kubwa, inaonesha ubongo bila kupasua kichwa. Inaonesha pahali ubongo umepungua. Inaonesha pia kazi: sehemu inayofanya kazi inaletewa damu yenye oksijeni zaidi, na mashini inaona hiyo tofauti. Mtu analala kimya dakika chache tu. Zile sehemu zinazopanda na kushuka pamoja, hata kama ziko mbali, zinahesabiwa kuwa mtandao mmoja.

Mwaka 2009, William Seeley na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichora pahali ubongo umepungua kwa wagonjwa wa aina 5, kisha wakalinganisha na mitandao ya watu wasio wagonjwa. Kila ugonjwa ulifuata mtandao wake. Alzheimer, njo ule wa kusahau, unashika mtandao unaosaidia kukumbuka. Mwingine unaanzia mbele ya ubongo na kuharibu tabia: baba wa heshima anaanza kutukana wageni, lakini bado anakumbuka mengi. Kwetu sisi huo njo mubaya zaidi kwa familia, kwani hakuna anayefikiri ni ugonjwa.

Kwa nini unafuata barabara hizo? Protini iitwayo tau inajikusanya ndani ya seli, na inaonekana inapita kutoka seli moja kwenda nyingine kwa kufuata nyuzi. Watafiti wengine wanaongeza kwamba njia panda zenye kazi nyingi zinachoka mbele ya zingine.

Kinshasa pia, watafiti wa chuo kikuu cha pale pamoja na wa Emory, Marekani, wamepima wazee Wakongomani kwa IRM. Lakini picha peke yake haitoshi. Munganga anauliza familia mambo yalianza lini na namna gani. Dawa ya kuponesha Alzheimer haijapatikana. Ila mzee akichanganyikiwa kwa gafula, ndani ya siku chache, inaweza kuwa malaria ao ugonjwa mwingine unaotibika. Huyo apelekwe hospitali siku ile ile.