Pawa Saplai ya Kompyuta
Pawa saplai ni kisanduku cha chuma kinachoupokea umeme wa ukutani, ambao Tanzania ni volti 230, na kuugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 zitumiwazo na viungo vya kompyuta. Mwenye kujiundia kompyuta kwa vifaa vya soko la Kariakoo yampasa ajumlishe wati za prosesa na kadi ya picha, kisha aongeze akiba ya kadiri ya theluthi. Wala asighurike na wati nyingi zilizoandikwa ubavuni, bali atazame zile za volti 12, jambo ambalo muuzaji halitaji asipoulizwa. Kilicho cha mtumba kikiwa na swichi nyekundu nyuma, sharti isomeke 230; ikiachwa 115, kifaa huungua papo hapo kiwashwapo.