Unataka Kusomea Grafiki? Haya Ndiyo Mambo Chuo Kitakufunza na Simu Haiwezi

Umemaliza Fom 4, uko na simu, posta za Canva unazitoa kwa dakika tano na mabeste wanasema wewe ni noma. Halafu mathe anauliza: kwa nini nilipe karo ya kozi ambayo tayari unaijua? Swali lake ni poa. Jibu liko kwa karatasi.

Kwa simu ukikosea unafuta. Kwa mashine ukikosea umechapa kopi 500 na doh imeenda. Chukua mfano wa kijitabu cha mazishi, kazi ambayo wachapaji wa River Road wanaijua vizuri. Mteja anakuja Jumatano, mazishi ni Jumamosi, hakuna siku ya kurudia. Lazima ujue haya:

1. Hesabu ya kurasa
Karatasi moja ikikunjwa katikati inatoa kurasa 4. Kwa hivyo kijitabu cha kupigwa pini katikati kina kurasa 4, 8, 12 au 16. Mteja akileta kurasa 10, unapunguza hadi 8 ama unajaza hadi 12. Na kwa kile cha kurasa 8, ukurasa wa 1 unachapwa kando ya ule wa 8. Ukipanga vibaya, watu wataanza na shukrani kabla ya wasifu wa marehemu.

2. Picha
Picha ikitumwa kwa WhatsApp kawaida inafinywa. Uchapaji safi unataka karibu pikseli 300 kwa kila inchi. Picha ya upana wa pikseli 600 itatoka fiti kwa inchi 2 tu. Ukiivuta ijaze jalada, sura inakuwa ukungu, na familia ndiyo itaona kwanza. Mwambie mteja aitume kama dokumenti.

3. Rangi
Skrini inachanganya mwanga: nyekundu, kijani na buluu. Mashine inachanganya wino: sayani, majenta, njano na nyeusi. Ile buluu inayowaka kwa simu inaweza kutoka imefifia, kwa hivyo chapa kopi moja ya kuonyesha mteja kwanza.

4. Ukingo
Rangi ikifika mwisho wa karatasi, ipitishe milimita 3 nje ya mstari wa kukata. Kisu kikisonga kidogo, hutabaki na ufito mweupe.

Unaingiaje chuo?
Kwa vyuo vya TVET, diploma kwa kawaida inataka C- ya KCSE, na cheti D. Ukiwa chini ya hapo, bado kuna kozi za ngazi ya kwanza za ufundi. Vyuo vya serikali unaomba kupitia KUCCPS, na mkopo unaomba HELB.

Kabla mathe atume hata shilingi, hakikisha chuo kimesajiliwa na TVETA, kisha nenda mwenyewe ukaangalie. Uliza: kila mwanafunzi anapata kompyuta yake darasani? Kuna mashine ya kuchapa, na wanafunzi wanaishika ama wanaitazama tu? Nani anatunga mtihani? Wasee wa mwaka jana walienda atachimenti wapi?

Wakikujibu bila kuzunguka, peleka fom. Wakianza kukuonyesha picha za sherehe ya kufuzu, endelea kutafuta.