Zilipendwa na Nani?

Kiswahili cha redioni kina neno ambalo kila nikilisikia huniachia swali. Neno lenyewe ni zilipendwa. Kwa sarufi ya darasani hicho ni kitenzi tu: zi- ya nyimbo, -li- ya wakati uliopita, mzizi pend-, kisha -wa ya kutendwa. Nyimbo zilipendwa. Aliyezipenda hatajwi. Majirani zetu wa Kenya husema zilizopendwa, wameongeza kirejeshi, lakini nao mpendaji hawamtaji.

Mimi nimezaliwa Handeni mwishoni mwa miaka ya 1990. Nyimbo za miaka ya 1970 zilikwisha kuwa na uzee wa miaka ishirini nilipofungua macho, lakini zikipigwa najikuta nazitamani kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Wengi wa rika langu wako hivyo. Mwaka 2017 wasanii wa Wasafi walitoa wimbo ulioitwa kwa neno hilohilo, Zilipendwa, na walioucheza zaidi ni vijana ambao hawakuwa na cha kukumbuka. Sasa ninasomea shahada ya umahiri katika historia, na nimeona bora hamu hiyo niihoji kama ninavyohoji hati yoyote: imetoka wapi, imepitia mikono ya nani, na imeacha nini nje?

Tuanze na kilichosikika. Kwingineko duniani, mtu akikumbuka nyimbo laini za miaka ya 1970 atataja ABBA, Bee Gees, Carpenters au Boney M. Huku kwetu nyimbo hizo zilipita mlango mwembamba. Novemba 1969 mkuu wa mkoa wa Pwani alipiga marufuku muziki wa soul jijini Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unaharibu vijana wa taifa linalojenga Ujamaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Radio Tanzania Dar es Salaam nayo ikaupa kisogo muziki wa kigeni na kuijaza mitambo yake bendi za nyumbani. Redio nyingine ya ndani haikuwapo Tanzania Bara, wala televisheni. Hali hiyo haikubadilika hadi sheria ya utangazaji ya 1993 ilipowafungulia njia watu binafsi. Kwa hiyo kwa miaka zaidi ya ishirini mkulima wa Handeni mwenye redio na mabetri alisikiliza kile ambacho Dar es Salaam iliamua asikilize, labda azungushe kitufe na kudaka mawimbi ya Sauti ya Kenya.

Ni rahisi kuicheka amri ile. Lakini bila yake, sidhani kama kungekuwa na zilipendwa nyingi kiasi hiki. Redio iliyohitaji muziki wa nyumbani kila siku ililazimika kuurekodi. Bendi zilipanga foleni kuingia studio, na kanda zile ndizo ambazo TBC imezirithi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo bendi iliyotaka kuuza ilipanda basi kwenda Nairobi. Kwa nyingine, kanda ya redio ndiyo kumbukumbu pekee.

Mkoa wetu wa Tanga haukuwa pembezoni katika habari hii. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaisindikiza njia nzima. Mashamba yale yaliwavuta manamba kutoka kila pembe: Wanyamwezi, Waha, Wabena, Wamakonde, hata watu wa Burundi na Msumbiji. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge. Katika kambi ambayo jirani yako wa kulia na wa kushoto hamzungumzi lugha moja, wimbo wa kuchezewa jioni ya siku ya mshahara ulipaswa kuwa wa Kiswahili. Jamhuri Jazz, moja ya bendi kubwa za Tanga, ilianza ikiitwa Young Nyamwezi. Jina hilo peke yake ni ukurasa wa historia ya kazi: linaonyesha Wanyamwezi walikuwa wamefika pwani, wakaweka makazi, na watoto wao wakashika magita. Mpinzani wake alikuwa Atomic Jazz, naye wa Tanga hiyohiyo.

Kutoka Jamhuri Jazz walitoka ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga. Walipitia bendi nyingine za bara, wakavuka mpaka, na mwaka 1971 wakawa Nairobi na bendi yao, Simba Wanyika. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga na kuunda Les Wanyika, wakatoa Sina Makosa. Kama kuna wimbo mmoja wa Kiswahili unaostahili kuitwa laini, ndio huo. Gita la besi la Tom Malanga linatembea taratibu kama mtu asiye na deni, na mwimbaji anajitetea kwa mwenzake katika ugomvi wa mapenzi bila kupandisha sauti. Sijawahi kuhudhuria harusi mkoani Tanga ambayo bendi haikuupiga. Vijana wa meza yangu huuita wimbo wa Kenya. Ukifuata nyayo zake utarudi Tanga, kwenye bendi iliyoanza kwa jina la Wanyamwezi, na ukiendelea kidogo utafika kwenye kambi za mkonge.

Hapo ndipo ninapofika kwenye suala la kurudia nyimbo za wengine. Mtaani tunasema kupiga kopi. Wazee wa muziki wana neno tamu zaidi: bendi iliyopiga nyimbo za watu waliiita bendi ya kopiraiti. Yaani neno ambalo kisheria lina maana ya haki ya kuzuia watu wasinakili, huku kwetu likageuka kuwa jina la kunakili kwenyewe. Sijui kejeli nzuri kuliko hiyo.

Bendi hizo ndizo zilizopitisha nyimbo za nje chini ya uzio wa redio. Redio ilifunga mlango, hoteli haikufunga. Wana Njenje, yaani Kilimanjaro Band, walianzia Tanga miaka hiyohiyo ya 1970 wakijiita The Love Bugs, jina ambalo halifichi masikio yao yalielekea wapi. Leo bendi hiyo inasifiwa kwa kuzifufua ngoma na nyimbo za asili. Naona hapo somo: kurudia cha wengine kulikuwa shule, na waliohitimu walirudi nyumbani na ufundi. Ukitazama mwambao utakuta mazoea hayo ni ya zamani kuliko magita. Juma Bhalo wa Mombasa alichukua tuni za filamu za Kihindi, akazivika mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani, na hakuna aliyemwambia kwamba si msanii.

Lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwaka 1978 Boney M walitamba na Rivers of Babylon, na wengi waliamini ni wimbo wao. Ulikuwa wa The Melodians wa Jamaika, uliotoka mwaka 1970, nao wenyewe waliuchota kwenye Zaburi ya 137. Hilo halikumuumiza mtu wa Korogwe. Mwaka 1981 Boney M haohao walitoa Malaika, na muda si mrefu wakaigeukia Jambo Bwana ya Them Mushrooms wa Mombasa. Hapo tukaanza kuuliza nani analipwa. Malaika ulikwisha kurekodiwa na Fadhili William Nairobi miaka ya 1960, Miriam Makeba akauzungusha dunia, na mpaka leo wapo wanaosema mtunzi halisi ni Adam Salim na si Fadhili. Wimbo umeimbwa na nusu ya dunia, na mwenye nao bado anabishaniwa. Tanzania ilipata sheria mpya ya hakimiliki mwaka 1999, na COSOTA ikazaliwa nayo. Wakati huo wengi wa waliotunga zilipendwa walikuwa wamekwisha kufa.

Hapa ndipo hamu yangu inapoanza kunikwaruza. Ukiwasikiliza wanaozisifu nyimbo hizi, utadhani miaka ya 1970 ilikuwa kipindi cha watu kuvaa suruali pana na kubembelezana. Tazama majina ya bendi: NUTA Jazz, Polisi Jazz, Vijana Jazz. Wenye magita walikuwa chama cha wafanyakazi, jeshi la polisi, umoja wa vijana wa chama tawala. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Akiondoka, gita linabaki. Bendi hizohizo ziliimba Azimio la Arusha, ziliimba Mwongozo wa 1971, ziliimba kilimo. Nyimbo hizo zilirekodiwa na kupigwa kwa bidii, lakini ni nadra mtu kuomba zipigwe harusini. Tumezichuja. Tumebaki na za mapenzi, kisha tunausema ule uliobaki kuwa ndio uliokuwapo.

Waliozitunga hizo za mapenzi nao tumewachuja. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, wimbo wake Shida ukitamba. Marijani Rajabu, aliyetupa Zuena, aliishia kuuza kanda ili apate riziki, akafariki mwaka 1995. Sauti yake ilikuwa kwenye kila baa, na yeye alikuwa na meza ya kanda. Mtendaji aliyeachwa nje ya neno zilipendwa si msikilizaji peke yake.

Kwa hiyo je, tuache kuzipenda? Jibu langu limetoka Handeni, na limetoka kwenye kopi.

Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na ndani ya miaka mitatu mamilioni ya watu walihamishwa. Handeni, wilaya kavu ambayo ukame wake unajulikana, ilihamishwa pia. Kuelewa kilichopotea inabidi ujue namna Wazigua walivyoyaita makazi yao. Tazama ramani: Kwamatuku, Kwamsisi, Kwachaga, Kwaluguru. Kwa ni kwa mtu. Jina la mahali lilikuwa jina la mwenyeji. Majina yaliyobaki ni yale yaliyogeuzwa vijiji rasmi. Vitongoji vidogo, vya kaya nne au tano, viliachwa porini pamoja na majina yake, na watu wakapangwa kwa mistari kando ya barabara.

Bibi yangu mzaa mama alihamishwa akiwa msichana. Nilipomhoji kwa ajili ya tasnifu yangu alinijibu kama wazee wengi wanavyojibu: tulihama, tukajenga, basi. Nilimuuliza majina ya majirani wa zamani, akasema kichwa kimechoka. Siku nyingine, akipepeta mahindi, akaimba. Tuni ilikuwa ya dansi, rumba ya polepole, kwa mlio wake ni ya moja ya bendi za Tanga, ingawa jina la bendi wala la wimbo halijui. Maneno yalikuwa ya Kizigua, na hayakuwa ya mapenzi. Yalikuwa orodha. Kwa fulani, kisha kwa fulani, kisha kisima, kisha kwa fulani, kwa mpangilio ambao mtu angeyapita akitembea kwenda kuchota maji. Wasichana waliohamishwa pamoja naye ndio walioubadilisha, aliniambia, kwa sababu wimbo ule ulipigwa sana redioni mwaka ule, na hawakutaka kusahau njia.

Nilihesabu majina kumi na moja. Katika karatasi nilizozipitia mpaka sasa nimeyakuta mawili. Mengine tisa yapo kwenye koo la mwanamke mmoja, yamebebwa na tuni ya bendi isiyojulikana, iliyorekodiwa kwa amri ya serikali ileile iliyomhamisha.

Mwalimu wangu wa mbinu za utafiti hupenda kutuambia kwamba nakala ni daraja la pili, tutafute ya asili. Katika hati nyingi ana haki. Katika muziki wa kwetu sina hakika kanuni hiyo inasimama. Ya asili ya wimbo wa bibi huenda ipo kwenye kanda Dar es Salaam, na siku nikiipata nitafurahi. Lakini nikiisikiliza nitasikia mwanamume akimlilia mpenzi wake, kama nyimbo mia nyingine. Historia ya Handeni iko kwenye kopi. Aliyenakili ndiye aliyetia humo kilichokuwa chake, na alikitia kwa sababu aliipenda tuni kiasi cha kuiamini.

Ndiyo maana sasa nikisikia mtangazaji anatangaza zilipendwa, nalikamilisha neno mwenyewe. Zilipendwa na manamba waliohitaji lugha moja ya kuchezea. Zilipendwa na vijana wa hoteli waliojifunza gita kwa nyimbo za watu. Zilipendwa na waliozitunga, ambao hazikuwalipa. Zilipendwa na wasichana waliokuwa wakijengewa kijiji kipya na ambao walihitaji mahali pa kufichia kile cha zamani.

Kwa msomaji wa rika langu nina ombi dogo. Mwenye mzee nyumbani amwachie aimbe, na akiyakosea maneno asimsahihishe. Ayaandike kama yalivyo.