Ng'ambo ya Ziwa, Vikao vya Wazee Wanaosahau

Barabara ya kutoka Uvira kwenda Baraka hufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika, ikapita Makobola, kisha Swima, kisha Mboko. Mzee aliyeanza kusahau huko hutunzwa nyumbani, na mara nyingi mzigo humwangukia binti au mkazamwana. Ndiye anayempikia bukari na sombe, akamwona anakula, na kitambo kidogo baadaye akamsikia akiwalalamikia majirani kwamba tangu asubuhi hajatia kitu mdomoni. Ndiye pia anayemkimbilia njiani mzee akishaamua kurudi katika kijiji ambacho familia ilikihama wakati wa vita.

Majirani huwa na maelezo mawili: uzee au uchawi. La kwanza huleta kupuuzwa. La pili linaweza kuua: Septemba 2021 iliripotiwa kwamba wanawake 8 waliuawa katika jimbo hilo la Kivu ya Kusini, mashariki mwa Kongo, kwa tuhuma za uchawi.

Wazo la kuwakalisha pamoja watu wenye ugonjwa huu wa kusahau, uitwao dementia, badala ya kumwacha kila mmoja chumbani kwake, lina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1958, katika hospitali ya maveterani huko Topeka, Marekani, daktari James Folsom alianzisha utaratibu wa kuwakumbusha wagonjwa siku, tarehe na mahali walipo. Utaratibu huo ulienea, lakini ulikuwa na kasoro moja kubwa: aliyekosea alisahihishwa mbele za wenzake, na hakuna mtu mzima anayependa kufanywa mtoto wa shule.

Uingereza ndiko kasoro hiyo ilikorekebishwa. Aimee Spector na wenzake walipanga vikao 14, viwili kila wiki kwa wiki 7. Kikundi hujichagulia jina na wimbo wake, kisha watu huzungumzia chakula, utoto, sauti, fedha, habari za siku. Kanuni kuu ni kumwuliza mtu maoni yake, si kumpima anakumbuka nini. Matokeo ya jaribio lao, lililohusisha watu 201, yalitangazwa mwaka 2003.

Kwa wasemaji wa Kiswahili historia hiyo ilianzia Hai, Tanzania, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Hapo kanisa si mgeni katika mambo ya tiba. Wamisionari Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na hospitali ya KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko chini ya shirika la makanisa liitwalo Msamaria Mwema. Watafiti wa Tanzania na wa Newcastle waliwapima wazee 1,198 wa miaka 70 na zaidi katika vijiji 6 vya Hai. Baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri, waliona kwamba wazee 6 hivi katika kila 100 walikuwa na ugonjwa huu. Wanakijiji wengi walipoulizwa walisema ni uzee tu.

Kupima penyewe kulikuwa na shida yake. Vipimo vya Ulaya humtaka mgonjwa achore au aandike, na bibi ambaye hajawahi kushika kalamu ataonekana mgonjwa hata akiwa na akili timamu. Kwa hiyo kipimo kilichotengenezwa Hai kiliacha kalamu kikachukua njiti za kiberiti: mpimaji hupanga umbo, mzee naye hulipanga upya. Huombwa pia ataje wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na aeleze daraja ni kitu gani. Mtu wa Fizi, eneo ilipo Baraka, aliyezoea kuvuka mto Mutambala angelijibu hilo kwa kirefu kuliko mpimaji alivyotarajia.

Vikao vile 14 vya Spector navyo vilirekebishwa kwa wasiojua kusoma na wenye macho na masikio yaliyochoka, vikafanyiwa majaribio hapohapo Hai. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Washiriki walikuwa 34, idadi ndogo kweli, lakini uwezo wao wa kufikiri uliongezeka na wasiwasi wao ukapungua.

Nchini Uganda kanisa lilipitia mlango mwingine. Tangu mwaka 2003 huduma ya Kikristo ya Reach One Touch One, iliyoanzishwa na Kenneth Mugayehwenkyi huko Mukono, imekuwa ikiwakusanya wazee kwa ibada na kuwatembelea majumbani. Haikuanza kwa ajili ya wanaosahau. Ilianza kwa ajili ya wazee maskini, na huenda ndiyo njia nyepesi zaidi, kwa sababu anayeingia hapo habandikwi jina la ugonjwa.

Fizi nako kuna mahali pa kuanzia. Hospitali ya Nundu ni ya Wamethodisti Huru. Wakatoliki nao wana jumuiya ndogo za mtaani, ambazo maaskofu wa Kongo waliziwekea msingi mwaka 1961, na kutembelea wagonjwa ni kazi yao ya kila siku. Kikao kikifanyika kanisani, mkazamwana naye hupata saa moja ya kuongea na wenzake wanaobeba mzigo uleule, jambo ambalo vikao vya kitabibu husahau mara nyingi.

Mada tu ndizo zingehitaji kupangwa upya. Kikao cha utoto kingewarudisha wanaume wa kabila la Wabembe kwenye lubunga, baraza walikokaa na baba zao. Kikao cha fedha kingetaka noti za zaire, zilizotumika mpaka faranga ya Kongo iliporudi mwaka 1998. Na waliokimbia vita vya 1996 wakaishi miaka mingi kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, wanaweza kutaja bei zote kwa shilingi za Tanzania. Kwa kanuni ya vikao hivi wangeachwa wamalize hesabu yao.