Jinsi mfumo wa timu unavyoamua mashambulizi na ulinzi

Mfumo wa uchezaji katika soka ni mpangilio wa wachezaji 10 wa uwanjani, kipa akiwa nje ya hesabu. Tarakimu zake husomwa kuanzia nyuma. Timu inayotumia 4-4-2 huwa na mabeki wanne, viungo wanne na washambulizi wawili.

Kwa kuwa idadi ya wachezaji haiongezeki, kila anayepelekwa mbele huacha nafasi nyuma yake, na kila anayerudishwa hupunguza makali ya mashambulizi. Kocha hana budi kuamua ni pengo lipi ataweza kulivumilia.

Hadi 1925, timu nyingi zilitumia 2-3-5. Mabeki wawili walitosha kwa sababu sheria ya kuotea ilimtaka mshambulizi awe na wapinzani wasiopungua watatu kati yake na mstari wa goli. Mwaka huo idadi hiyo ilipunguzwa hadi wawili na mabao yakaongezeka. Herbert Chapman wa Arsenal akamrudisha kiungo wa kati awe beki wa tatu.

Ulinzi huo ulitegemea kila beki kumkaba mtu wake, na udhaifu wake ulifichuliwa Novemba 25, 1953, Hungary ilipoicharaza Uingereza 6-3 uwanjani Wembley. Nandor Hidegkuti, mshambulizi wa kati, alikuwa akirudi nyuma kuungana na viungo. Beki Harry Johnston alijipata njia panda: akimfuata, anaacha mwanya mbele ya lango; akibaki, hasimu wake anacheza bila kukabwa. Hidegkuti alifunga mabao matatu.

Katika soka ya kisasa, 4-4-2 hujenga kuta mbili za wachezaji wanne wanne, na hivyo huwa vigumu kupenya katikati yazo. Lakini ikikabiliana na 4-3-3, viungo wake wawili wa kati hupambana na watatu, na wapinzani hupata urahisi wa kumiliki mpira. Nayo 4-3-3 hutegemea mawinga kupanua uwanja. Wasiporudi kusaidia, beki wa pembeni hujikuta peke yake akivamiwa na watu wawili.

Mfano bora wa nguvu ya mfumo ni Chelsea ya msimu wa 2016-17. Baada ya kulazwa 3-0 na Arsenal mnamo Septemba 24, 2016, kocha Antonio Conte aliacha safu ya mabeki wanne na kukumbatia 3-4-3.

Timu hiyo ilipokuwa na mpira, Victor Moses na Marcos Alonso walipanda pembeni, wakawawezesha Eden Hazard na Pedro kuingia ndani karibu na Diego Costa. Watu watano wakawa wanavamia ngome ya adui. Ilipoupoteza, Moses na Alonso walirudi kando ya mabeki watatu, na lango likalindwa na safu ya watu watano. Chelsea ilishinda mechi 13 za ligi mfululizo, sita za kwanza bila kufungwa bao.

Waliokomesha mbio hizo ni Tottenham Hotspur, walioshinda 2-0 mnamo Januari 4, 2017. Nao pia walipanga mabeki watatu, huku Mkenya Victor Wanyama na Mousa Dembele wakidhibiti katikati ya uwanja. Dele Alli alifunga mabao yote mawili kwa kichwa kutokana na krosi za Christian Eriksen. Hata hivyo, Chelsea ndio waliotwaa ubingwa wa ligi.

Kwa hivyo, tarakimu zinazotangazwa kabla ya mechi huonyesha mwanzo tu. Shabiki anayetaka kuuelewa mfumo wa timu atazame wachezaji wanasimama wapi wanapokuwa na mpira, kisha nani anarudi, na kwa kasi gani, wanapopokonywa.