Kichwa cha Treni Kilichobeba Mtambo wa Umeme Mgongoni

Wenzangu wa kalamu wakisikia neno "majaribio" huwaza mashairi yasiyo na vina. Mimi leo nawapeleka relini. Huko nako kulikuwa na majaribio, tena ya chuma, yenye kelele na uchu wa mafuta. Wengi wanaosimulia historia ya reli huyapitia harakaharaka, kisha husema: yalishindwa. Hilo neno "yalishindwa" ndilo ninalogombana nalo.

Twende taratibu. Turbini ya gesi ni nini? Hewa inavutwa ndani, inashindiliwa na kompresa, inachanganywa na mafuta, inawashwa. Hewa ya moto inayotoka kwa kishindo inazungusha gurudumu lenye mapanga mengi. Injini ya jeti, kwa kifupi. Ila katika vichwa vya treni ninavyovisimulia, turbini ilizungusha jenereta, jenereta ikatoa umeme, na umeme ndio ulioyasukuma magurudumu. Yaani kichwa cha treni kilibeba mtambo wa umeme mgongoni.

Waliothubutu kwanza ni Waswisi. Kampuni ya Brown Boveri ilikuwa imefunga turbini ya gesi ya kuzalisha umeme mjini Neuchâtel mwaka 1939. Mwaka 1941, huku Ulaya ikiungua kwa vita, ikatoa kichwa cha treni chenye nguvu za farasi 2,200 kwa ajili ya reli za taifa. Kilifanya kazi. Lakini hapo hapo ukajitokeza ugonjwa wa ukoo mzima: karibu robo tatu ya nguvu ya turbini iliishia kuiendesha kompresa yenyewe. Kazi ikiwa nzito, hasara hiyo inavumilika. Tatizo ni kwamba treni husimama stesheni, husubiri ishara, huteremka mlima bila kuhitaji nguvu, na turbini hata ikipumzika inaendelea kubugia mafuta. Ni kama mgeni anayekula sawasawa siku ya kulima na siku ya kulala.

Waingereza nao wakajaribu. Reli yao ya magharibi ilipata kichwa kimoja kutoka kwa Waswisi hao hao, kilichoagizwa mwaka 1946, na kingine cha kampuni ya Metropolitan-Vickers mwishoni mwa 1951. Havikuzaa watoto.

Mahali ambapo ukoo huu uliota mizizi hasa ni Marekani, kwenye reli ya Union Pacific, ile iliyokuwa na Big Boy, dude la mvuke lisilo na mfano. Kwa nini pale? Kwanza, kule Wyoming treni za mizigo huvuta kwa nguvu zote saa nyingi bila kusimama, na turbini hupenda kazi ya namna hiyo. Pili, mafuta. Petroli, mafuta ya taa na dizeli vikishatolewa kiwandani, chini hubaki mafuta mazito, meusi kama lami, ambayo lazima yapashwe moto ndipo yatiririke. Wakati ule yalikuwa makapi, bei ya kutupa. Basi Union Pacific ikaamua kula makapi.

Kuanzia mwaka 1952 ikanunua vichwa 55. Thelathini vya mwisho, vilivyotoka kati ya 1958 na 1961, vilikuwa na nguvu za farasi 8,500 kila kimoja. Si mchezo! Ngurumo yake ilivipa jina la utani Big Blow. Kila kimoja kilikuwa na dizeli ndogo pembeni ya kuiwasha turbini na kukisogeza yadini, maana kuunguruma bure kulikuwa ni kuchoma fedha. Uchafu wa mafuta yale uliyatafuna mapanga ya turbini, mafundi wakasafisha na kubadilisha, na hesabu bado ikalipa. Mwaka 1962 wakajaribu hata unga wa makaa ya mawe. Huo majivu yake yaliyala mapanga vibaya zaidi, wakaachana nao.

Kisha makapi yakapata wachumba. Viwanda vya mafuta vikajifunza kuyavunjavunja kuwa bidhaa nyepesi zenye bei, na viwanda vya plastiki vikayagombea. Bei ikapanda. Wakati huo huo vichwa vya dizeli vilikuwa vinakua nguvu mwaka hadi mwaka. Desemba 1969 Big Blow ya mwisho ikazimwa.

Ufaransa haikukata tamaa. Treni yake ya majaribio, TGV 001, ilifungwa turbini za helikopta, na Desemba 1972 ikafika kilomita 318 kwa saa. Mwaka uliofuata ukaja mgogoro wa mafuta, na ndani ya miezi michache bei ikapanda karibu mara nne. Wafaransa wakaing'oa turbini katika mipango yao na kuvuta nyaya za umeme. TGV iliyoanza kubeba abiria mwaka 1981 kati ya Paris na Lyon ni ya umeme.

Sasa tazama jambo hili. Kile kichwa cha kwanza cha Waswisi, baadaye kiligeuzwa kuwa cha umeme. Cha Metropolitan-Vickers, mwaka 1958 kiligeuzwa kuwa cha umeme, kikatumika kuwafundisha madereva. TGV, hivyo hivyo. Tunaita kushindwa? Mimi nasema kila kimoja kilikuwa treni ya umeme tangu siku ya kwanza, ila kilibebeshwa mzigo uliopaswa kubaki nyumbani.

Na mzigo huo haukutupwa. Treni ya SGR iliyoanza safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 hula umeme wa gridi ya taifa, na gridi hiyo hulishwa na maji pamoja na gesi asilia. Pale Kinyerezi turbini za gesi zimefungwa chini, imara, na katika kituo cha pili moshi wao wa moto huchemsha maji ili kuzalisha umeme mara ya pili. Lile tanki la kuchemshia, bwana, hakuna behewa ambalo lingelibeba.

Kwa hiyo ukipanda treni ile usiku, taa za Pugu zikipita dirishani, jua kwamba huenda sehemu ya nguvu inayokuvuta inatoka kwenye turbini ya gesi. Waswisi wa mwaka 1941 walikuwa na wazo sahihi. Walikosea tu mahali pa kuliweka.