Rhapta

Rhapta ni soko la kale la pwani ya Afrika Mashariki, ambalo baadhi ya wanaakiolojia hulitafuta katika delta ya Rufiji. Linatajwa katika Periplus ya Bahari ya Eritrea, mwongozo wa biashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 BK, kama bandari ya mwisho ya Azania, yaani pwani hiyo ya Afrika Mashariki. Wageni walileta mikuki, mashoka na vitu vya kioo, wakaondoka na pembe za ndovu na za vifaru, na magamba ya kasa. Jina lake latokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu ya vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba. Msomaji wa pwani atakumbuka mara moja mtepe, jahazi la Waswahili lililoshonwa vivyo hivyo. Mwanajiografia Ptolemaio, katika karne ya 2, aliiita Rhapta mji mkuu.

Mahali penyewe pangali pakibishaniwa. Hata hivyo, mwaka 1999 Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitangaza shanga za Kirumi kutoka Mkukutu, karibu na Kibiti, katika eneo la Rufiji. Kwa mwanafunzi wa Kitanzania, ustaarabu wa Kigiriki na Kirumi una mlango huku Rufiji, ardhini, si vitabuni tu.